Berlin kwa Baiskeli: Mwongozo wa Ziara Binafsi

Ziara binafsi ya baiskeli ni matembezi ya saa tatu hadi tano ambamo mwongozaji mmoja huandamana na watu wanaojuana tayari: mtu na mwenzi wake, familia, au marafiki wachache. Kampuni hutoa baiskeli, mwongozaji hutangulia, na kila baada ya dakika kumi hivi kundi husimama kusikiliza maelezo. Katika ziara ya wazi, inayokusanya yeyote aliyekata tiketi, njia ni ile ile kila siku, na swali la mtu mmoja hukatizwa kwa kuwa wenzake kumi wanasubiri. Katika ziara binafsi mlipaji amenunua haki ya kuamua pa kwenda na pa kukawia. Asiyeitumia haki hiyo hulipa fedha nyingi zaidi ili aonyeshwe mambo yale yale.

Si kila mji wa Ulaya unafaa. Katika kitovu cha kale cha Venice ni marufuku kuendesha baiskeli. Vilima vya Lisbon humaliza pumzi ya asiyezoea. Amsterdam na Copenhagen zina njia bora sana za baiskeli, lakini wenyeji wake huendesha kwa kasi ya mtu anayewahi kazini, na mgeni anayesimama ghafla kupiga picha huambiwa maneno ambayo, kwa bahati yake, hayaelewi. Berlin iko katikati. Mji umelala tambarare katika bonde la mto Spree, barabara zake nyingi ni pana, na una eneo la kilomita za mraba 891, kiasi kwamba vitu vyake muhimu haviwezi kufikiwa kwa miguu asubuhi moja. Aliye ndani ya basi la watalii naye hupita barabara kuu tu.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, Berlin ina jambo ambalo miji mingine mingi haina. Mambo yaliyoamuliwa hapo yaligusa moja kwa moja pwani na bara la Afrika Mashariki, na baadhi ya watu wa pwani waliishi, walifundisha na kufia hapo. Alama zao zimetawanyika kutoka katikati ya mji hadi mitaa ya kaskazini, na kwa kawaida ziara za wazi hazizifuati. Ndiyo maana mwongozo huu unaichukua Berlin kuwa mfano, na unaeleza njia moja kwa urefu.

Kuagiza

Nchini Ujerumani kazi ya kuongoza watalii haihitaji leseni ya serikali, tofauti na Italia. Mwongozaji anaweza kuwa mwanahistoria mwenye shahada, au mwanafunzi aliyekariri kurasa kumi. Kabla ya kulipa, mteja anayetaka kujua kiwango chake humtumia maswali mawili au matatu mahususi: jiwe la kumbukumbu la Bayume Mohamed Husen liko mtaa gani, au Petersallee siku hizi inaitwaje. Anayejibu bila kuzunguka anafaa. Anayejibu kwamba Ukuta wa Berlin unavutia sana hajasoma swali.

Bei hupangwa kwa kundi, si kwa kichwa, walau hadi idadi fulani ya watu. Huanza kwenye yuro mia moja na ushee na kupanda hadi mamia kadhaa, kutegemea saa, lugha na ukubwa wa kundi. Kwa hiyo watu wanne wanaochangiana hupata nafuu, ilhali msafiri wa peke yake huumia. Ni vizuri kuuliza kama bei inahusu baiskeli, kofia ngumu, koti la mvua na tiketi za makumbusho, na kudai njia iliyokubaliwa iandikwe kwenye barua pepe ya uthibitisho. Mvua peke yake mara nyingi haihesabiwi kuwa sababu ya kuahirisha. Masharti ya kuvunja miadi yasomwe kabla, si siku mawingu yameshatanda.

Lugha ya ziara hukubaliwa wakati wa kuagiza. Kijerumani na Kiingereza hupatikana kila mahali, Kifaransa bila taabu kubwa. Kiswahili ni cha kutafuta kwa tochi, ingawa kimefundishwa mjini humo kwa zaidi ya karne moja. Kundi lenye wazee wasiojua Kiingereza humteua mkalimani miongoni mwao na kuongeza saa nzima kwenye muda, kwa kuwa kila habari itasemwa mara mbili.

Saa nazo zina mtego. Wajerumani huandika saa kwa mtindo wa 24, hivyo 10:00 ni saa nne asubuhi na 14:00 ni saa nane mchana. Wanapozungumza, hata hivyo, husema "halb zehn", maneno yanayoonekana kuwa na kumi na nusu, kumbe maana yake ni nusu ya kuelekea kumi, yaani 9:30, saa tatu na nusu. Mgeni aliyesikia vibaya hufika saa nzima baadaye, na mwongozaji Mjerumani huenda hajangoja hata nusu ya muda huo.

Bima isisahauliwe. Wasafiri wanaoingia kwa viza ya Schengen hudaiwa bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, nayo kwa kawaida humsaidia mwenye bima akianguka. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni upande wa pili. Mwendesha baiskeli anayemgonga mtu au kukwaruza gari kwa kosa lake hudaiwa fidia yeye mwenyewe, na bima ya matibabu haihusiki. Ni vyema kuuliza kama kampuni ina bima ya madhara kwa watu wengine, na kama inawahusu wateja au wafanyakazi wake tu.

Miezi mizuri ni Mei hadi Septemba. Mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku, hivyo ziara inayoanza saa kumi na moja jioni bado ina mwanga tele na magari yanazidi kupungua. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, vidole huganda kwenye usukani, na mtu hukumbuka baridi kuliko historia. Atakayelazimika kwenda majira hayo avae glavu na nguo inayozuia upepo, kwani aliyeketi juu ya baiskeli hupigwa na upepo hata siku tulivu.

Baiskeli na mavazi

Baiskeli ya kukodi Berlin huwa nzito, yenye kiti kipana, usukani ulioinuka na gia chache. Kwa aliyezoea Phoenix nyeusi ya keria haitakuwa ngeni sana, isipokuwa kwenye breki. Baiskeli nyingi za Kijerumani zina breki ya mkono kwa gurudumu la mbele, na kwa gurudumu la nyuma breki iliyo ndani ya kitovu, inayoshika mtu anapokanyaga pedali kinyumenyume. Aliyezoea kurudisha pedali nyuma huku akisubiri taa atashangaa baiskeli imesimama wima. Dakika tano za kuzunguka uwanjani kabla ya kuingia barabarani zinatosha kuuzoesha mguu, na mwongozaji mwema hutoa dakika hizo bila kuombwa.

Kiti hupimwa kwa kisigino: mtu akiketi na kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Wengi hupenda kiti kiwe chini ili miguu yote miwili ifike ardhini, na baada ya kilomita kumi magoti huanza kulalamika.

Mwanamke aliyevaa gauni refu, buibui au vitenge aombe baiskeli isiyo na bomba la juu, yenye kava la cheni na wavu wa kufunika gurudumu la nyuma. Vifaa hivyo havikubuniwa kwa ajili ya wageni. Wajerumani wenyewe huendesha na makoti marefu. Mtandio ufungwe ndani ya koti, na kanzu ipandishwe au ibadilishwe kwa suruali. Kofia ngumu si lazima kisheria, wala wenyeji wengi hawaivai. Mgeni katika trafiki asiyoijua ana sababu nzuri zaidi ya kuivaa kuliko wao.

Asiyejua kabisa kuendesha baiskeli asijifunzie kwenye ziara. Kampuni nyingine zina baiskeli ya viti viwili au riksho ya kupakia abiria, nazo zinatosha. Aliyejua utotoni na kuacha miaka mingi ana mahali pa kujikumbushia: uwanja wa zamani wa ndege wa Tempelhof, uliofungwa Oktoba 2008 na kufunguliwa kuwa bustani ya umma Mei 2010. Njia zake za kurukia ndege, ambazo mwaka 1948 na 1949 zilipokea ndege zilizoleta chakula na makaa Berlin ya Magharibi iliyozingirwa, leo hazina gari hata moja. Nusu saa hapo siku moja kabla ya ziara huondoa woga kuliko maneno ya mtu yeyote.

Sheria za barabarani

Ujerumani hupita kulia. Kwa msafiri kutoka Kongo, Rwanda, Burundi au Oman hilo si jambo jipya. Kwa Mtanzania, Mkenya na Mganda ndilo jambo la hatari kuliko yote, na hatari yenyewe haiko barabarani wakati kundi linakwenda, maana hapo mtu anamfuata mwongozaji. Iko wakati wa kuanza tena baada ya kusimama. Mtu amesikiliza habari za vita kwa dakika kumi, akili iko mwaka 1945, anapanda baiskeli, anaangalia kulia kama alivyozoea nyumbani, na gari linatoka kushoto. Dawa ni kuangalia pande zote mbili kila mara, hata kama inaonekana upuuzi.

Alama ya duara la buluu lenye baiskeli nyeupe maana yake njia ile ni lazima itumiwe na baiskeli. Njia ya watembea kwa miguu hairuhusiwi kwa mtu mzima kuendesha. Mtoto ambaye hajatimiza miaka minane ndiye anayetakiwa kuitumia, na mpaka atimize kumi anaruhusiwa kubaki huko. Njia nyingi za zamani za baiskeli mjini humo ni ukanda mwekundu uliochorwa juu ya kando ya barabara, pembeni kabisa ya watembea kwa miguu. Mgeni anayetembea juu ya ukanda huo husikia kengele kali, na siku ya ziara atakuwa upande wa pili wa kengele hiyo.

Penye makutano yasiyo na taa wala alama, anayetoka kulia ndiye mwenye haki ya kupita kwanza, hata kama anatoka kichochoroni. Anayetaka kukata kona hunyoosha mkono. Lori linalokata kulia ni la kuogopwa: dereva aliye juu huenda hamwoni mwendesha baiskeli aliye ubavuni, na kuwa na haki ya kupita hakumsaidii aliyekwisha kugongwa. Simu mkononi wakati wa kuendesha ni faini ya yuro 55. Kupita taa nyekundu huanzia yuro 60. Hapa kuna kosa linalowanasa makundi: mwongozaji amepita taa ikiwa kijani, wa mwisho anaona imegeuka nyekundu, naye anapita ili asiachwe. Sheria ya Ujerumani huhesabu msafara wa baiskeli kuwa kitu kimoja pale tu wanapokuwa zaidi ya 15. Kundi dogo la ziara binafsi halimo, na kila mmoja hutii taa yake. Mwongozaji atasubiri ng'ambo.

Reli za tramu zinastahili fungu lao, kwa sababu njia inayoelezwa hapa chini inazifuata kwa muda mrefu. Upenyo wa reli una upana wa kutosha kumeza tairi. Anayezivuka kwa kulalia huanguka, na huanguka vibaya, kwa kuwa gurudumu la mbele hukwama huku mwili ukiendelea. Zivukwe kwa kuzikata mraba kadiri inavyowezekana, bila breki na bila kugeuza usukani juu ya chuma. Zikilowa, huteleza kama sabuni.

Njia

Mwanzo mzuri ni barabara ya Unter den Linden, mbele ya chuo kikuu kinachoitwa leo Humboldt. Mwaka 1887 chuo hicho kilianzisha Seminari ya Lugha za Mashariki, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizofundishwa kwa maofisa waliokuwa wakienda kutawala Afrika Mashariki. Walimu waliletwa kutoka pwani. Mmoja wao alikuwa Amur bin Nasur wa Zanzibar, aliyefundisha hapo miaka ya 1890. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alifika mwaka 1900, na maandishi yake ndiyo uti wa mgongo wa kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Mtoro alifia Berlin mwaka 1927. Ng'ambo ya barabara uko uwanja wa Bebelplatz, vilipochomwa vitabu tarehe 10 Mei 1933. Mwongozaji atautaja huo bila kuulizwa. Habari za Mtoro huenda zikahitaji kuombwa.

Kutoka hapo ni kama kilomita moja kuelekea magharibi hadi Lango la Brandenburg, lililojengwa kati ya 1788 na 1791. Watu ni wengi, ni bora kushuka na kukokota. Hatua chache kusini upo ukumbusho wa Wayahudi wa Ulaya waliouawa: mawe ya zege 2,711 yasiyo na jina wala maandishi, yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 2005. Baiskeli hubaki nje. Kuingia kati ya mawe hayo kila mtu peke yake, bila mwongozaji, kunaeleza zaidi kuliko hotuba.

Sehemu inayofuata ndiyo inayofanya njia hii iwe na maana, nayo haina kitu cha kupigia picha. Kwenye Wilhelmstraße 92 kuna ghorofa za makazi za kawaida kabisa na kibao cha maelezo. Hapo palikuwa na jumba la kansela Otto von Bismarck, na ndani yake, kuanzia 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, wajumbe wa mataifa 14 walikaa kupanga masharti ya kulichukua bara la Afrika. Hakualikwa Mwafrika hata mmoja. Si kweli kwamba mipaka yote ilichorwa mezani hapo, ingawa hadithi hiyo husimuliwa sana; mingi ilikuja baadaye, kwa mikataba ya nchi mbili mbili. Kilichofuata mara moja ni hiki: tarehe 27 Februari, siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, Kaiser alitia saini hati ya kuzilinda ardhi ambazo Carl Peters alidai kuzipata Usagara na jirani zake kwa karatasi zilizowekwa alama na machifu. Koloni la Ujerumani Afrika Mashariki lilianzia hapo. Kundi lipewe angalau robo saa mahali hapa, na mwongozaji asiruhusiwe kukimbilia mahandaki ya Hitler, yaliyo karibu sana na ambayo juu yake leo ni maegesho ya magari.

Potsdamer Platz ni dakika chache tu kwa baiskeli. Mstari wa mawe mawili mawili uliolazwa barabarani unaonyesha Ukuta ulipopita, kuanzia Agosti 1961 hadi ulipofunguka usiku wa 9 Novemba 1989. Kabla ya vita palikuwa na jumba kubwa la starehe liitwalo Haus Vaterland, na miongoni mwa wahudumu wake alikuwa Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, naye mwenyewe akaingia jeshi la Wajerumani akiwa mdogo katika Vita Kuu ya Kwanza. Alifika Berlin mwaka 1929 kudai mishahara ambayo jeshi halikuwalipa yeye na babake. Hakulipwa. Akabaki, akaoa, akafundisha Kiswahili chuoni na kuigiza sehemu ndogo ndogo katika filamu, mojawapo ikiwa filamu ya mwaka 1941 ya kumtukuza huyo huyo Carl Peters. Mwaka huo huo alikamatwa kwa uhusiano wake na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko Novemba 1944.

Njia hukata sasa bustani ya Tiergarten, yenye kivuli na njia pana, na kupita bunge la Reichstag lenye kuba la kioo la mwaka 1999. Kupanda kubani hakulipiwi, lakini majina hupelekwa mapema. Ni bora liwe jambo la siku nyingine. Baada ya kuvuka Spree na kupita kituo kikuu cha treni, huanza Invalidenstraße na reli za tramu zilizotajwa.

Kwenye namba 43 ya barabara hiyo ni Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, inayofungwa Jumatatu. Ukumbi wa kwanza tu unatosha kulipia tiketi. Mifupa ya dinosaria anayesimama humo, mwenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu, ilitoka Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya wafanyakazi wenyeji walichimba, wakafunga mifupa na kuibeba kichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyeyajua mabaki hayo kuliko wengi wa mabwana waliotia majina yao kwenye vitabu. Uchimbaji ulianza miaka miwili tu baada ya Vita vya Majimaji kuzimwa katika nchi hiyo hiyo ya kusini. Familia zenye watoto hukaa hapa saa nzima, na ratiba iwe imeliruhusu hilo.

Kutoka hapo barabara huendelea mashariki hadi Brunnenstraße. Mbele ya namba 193, kwenye sakafu ya kando ya barabara, kuna kijiwe chenye uso wa shaba, sentimita kumi kwa kumi, kilichowekwa mwaka 2007. Ni jina la Husen. Ujerumani ina mawe mengi ya namna hii, yaliyobuniwa na msanii Gunter Demnig, na mtu hulazimika kuinama ili asome. Wengine hubeba kitambaa na kuusugua uso wake ung'ae.

Juu kidogo ni Bernauer Straße, ambako mpaka ulipita kwenye kuta za nyumba zenyewe: waliotoka mlangoni walikuwa tayari Magharibi, na milango ilipozibwa watu waliruka madirishani. Ukumbusho wake una urefu wa kilomita 1.4, na kanisa lililolipuliwa mwaka 1985 kwa sababu lilisimama katika ukanda wa mpaka limejengwa upya kwa udongo ulioshindiliwa. Mgeni kutoka nchi za nyumba za udongo atalitazama kwa jicho tofauti na la wengine.

Zimebaki kama kilomita tano kuelekea kaskazini-magharibi, sehemu yake kandokando ya kijito cha Panke, hadi Mtaa wa Kiafrika huko Wedding. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck alikusudia kuweka karibu na hapo maonyesho ya wanyama na watu kutoka makoloni. Vita viliuzuia mpango huo, majina ya barabara yakabaki. Kuna Togostraße, Kongostraße, Ugandastraße, Usambarastraße, Tangastraße, hata Sansibarstraße, ingawa Zanzibar haikuwa koloni la Ujerumani kamwe na mkataba wa mwaka 1890 uliithibitisha kuwa chini ya Uingereza. Mtu wa Tanga anayesimama chini ya kibao cha Tangastraße, kati ya maghorofa ya kimya na maua ya madirishani, huwa anacheka kwanza.

Petersallee, barabara iliyopewa jina la Carl Peters mwaka 1939, ilikuwa hapa. Mwaka 1986 mji ulitangaza kwamba sasa inamheshimu Peters mwingine, Hans, bila kubadilisha jina. Njia rahisi kweli ya kufuta historia. Wakazi na vyama vya Waafrika wa Berlin waliendelea kudai, na Agosti 2024 vibao vilibadilishwa. Sehemu moja inaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mwanamke aliyeuawa Windhoek mwaka 1959. Nyingine ni Maji-Maji-Allee. Karibu miezi kumi kabla, tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikuwa Songea akiomba radhi kwa yaliyofanywa na Wajerumani katika Vita vya Majimaji.

Kurudi

Njia yote ni kilomita 15 hivi, na pamoja na makumbusho huchukua saa tano. Aliyechoka hana haja ya kurudi kwa pedali. Treni ya chini ya ardhi U6 husimama Afrikanische Straße na kurudi moja kwa moja katikati ya mji, na baiskeli huruhusiwa ndani ikiwa imekatiwa tiketi yake mwenyewe, mbali na ya mtu.

Kila kituo cha chakula kinadai kufuli: fremu ifungwe kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini, si gurudumu peke yake, kwa kuwa wizi wa baiskeli Berlin ni wa kila siku na mkodishaji ndiye hulipa. Wakati wa kurudisha, mteja aikague baiskeli pamoja na mhudumu na kuondoka na risiti. Bakshishi si lazima, lakini karibu asilimia kumi ya bei ni desturi kwa mwongozaji aliyefanya kazi nzuri. Hutolewa mkononi, taslimu, kabla hajafunga baiskeli yake na kuondoka.